Madaftari Tisa Chini ya Nguo Zako

Mwanangu Nambua,

Umetoka sasa hivi na baba yako kwenda ng'ambo ya bonde kumuaga bibi yako. Nimewaambia siendi, magoti yananiuma. Magoti hayaniumi. Nilitaka nyumba ibaki tupu ili nikae hapa mezani na kalamu. Bibi yako hamruhusu mtu aondoke kabla hajala makande na kusikiliza habari za ndugu wote waliokufa, kwa hiyo najua mtarudi jua likiwa limeshazama nyuma ya mlima. Muda ninao.

Habari za chandarua na shuka na maji ya kuchemsha baba yako ameshakueleza mara tatu, na huko njiani anakueleza mara ya nne. Mimi sirudii. Habari za wavulana shangazi yako alijitolea, na kwa jinsi nilivyomsikia akicheka jikoni, nadhani alieleza kupita kiasi. Mimi nina jambo langu moja tu, ila siwezi kulifikia kwa njia ya mkato. Nivumilie.

Barua hii nitaiweka kwenye mfuko wa mbele wa begi. Isome ukiwa ndani ya basi, umeshapita Arusha. Usiisome Same. Same bado ni karibu, unaweza ukateremka, au ukanipigia simu ukiwa na hasira nami nikaanza kujitetea, na nikianza kujitetea nitadanganya tena. Lakini nakuomba uwe umeimaliza kabla hujafika Tabora, kabla Mwalimu Tunu hajakukumbatia pale stendi.

Unakumbuka mwezi uliopita dada yako Janeth, binti wa mama yako mkubwa, alipopanda kutoka Moshi kutusalimia? Tulikuwa wote jikoni tunamenya tangawizi. Akasema, "Mama mdogo, mimi wanangu nawatoa shule. Darasani wamebanana kama viazi kwenye gunia, mwalimu hawajui hata majina. Nitawafundisha mwenyewe nyumbani, siku hizi masomo yote yapo kwenye simu."

Baba yako akamuuliza, "Na simu ikiisha chaji, likizo?"

"Baba mdogo nawe! Mbona huyu Nambua alisomea hapa hapa jikoni, na leo anakwenda chuo cha ualimu?"

Wewe ukaweka kisu chini ukasema, kwa ile sauti yako ya taratibu, "Ni kweli dada. Miaka ile miwili ndiyo iliyonitengeneza. Mwalimu wangu wa kweli ni mama."

Wote wakanigeukia. Mimi nikainuka nikaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Neno lile nililitamani tangu ukiwa darasa la kwanza, Nambua. Nililitamani mpaka nikafanya mambo nitakayokuandikia hapa. Lilipokuja, sikuweza hata kulimeza. Tangu siku hiyo sijalala vizuri, na Jumapili mbili zilizopita sikwenda meza ya Bwana. Mliniona nimebaki kwenye benchi. Baba yako akadhani ni magoti.

Nirudi nyuma. Unajua mimi nilimaliza la saba, na majina ya waliochaguliwa yalipobandikwa nililitafuta langu mpaka kidole kikachafuka. Halikuwepo. Sikulia. Niliolewa, nikakuzaa siku ya mvua kubwa, na ulipofika miaka mitano nikaanza kukuchorea herufi kwa kijiti uani, udongo ukiwa bado mbichi. Kitabu tulichokuwa nacho ni cha nyimbo za kanisani, basi ukajifunzia humo. Siku moja ibadani ukawa unafuata mistari kwa kidole, unatamka. Nikasikia kina mama nyuma yangu wananong'ona, "Mtoto wa mama Nambua anasoma, tazameni!" Mungu anisamehe, ubeti uliofuata niliuimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya.

Mimi ndiye niliyekuwa najua kila kitu. Mawingu yanatoka wapi, kwa nini kinyonga anaringa, saba mara nane ni ngapi. Unaniuliza, najibu, unaniamini. Sijui kama nimewahi kupata cheo kingine duniani.

Kisha ukaingia darasa la kwanza, ukakutana na Mwalimu Tunu.

Alikuwa binti tu, mgeni kutoka Tabora, na sweta lake la kijani ambalo hakulivua hata juani maana alisema milima yetu inamtafuna mifupa. Wiki ya pili tu ukarudi nyumbani ukaniona nimeandika nne kwenye gunia la mahindi. Ukasema, "Mama, sio hivyo. Mwalimu amesema nne inafungwa juu."

Mama, sio hivyo. Mwalimu amesema. Nililisikia hilo kila siku, mwanangu. Kunawa mikono sio hivyo. Kushika kalamu sio hivyo. Siku moja ukaniambia mwalimu amesema maharage yalowekwe kwanza ndipo yaive upesi. Mimi, ambaye nilipika maharage kabla huyo mwalimu hajaota meno! Sikuloweka. Yakagoma kuiva, mkalala nusu njaa, na mimi nikayatafuna magumu vile vile nikisema, matamu.

Ukaanza kutembea kama yeye, mabega nyuma. Ukaanza kuwaambia kuku, "Haya, macho kwangu!" kwa sababu ndivyo alivyowaambia ninyi darasani mkianza kelele. Na jioni moja mezani ukapewa nafasi ya kuombea chakula. Ukaomba, "Mungu mbariki Mwalimu Tunu, na mama, na baba, na mbuzi." Nikafumbua macho katikati ya sala. Baba yako naye alikuwa amefumbua, ananitazama, amebana midomo kwa kicheko. "Angalau umemshinda mbuzi," akasema.

Yeye aliona mzaha. Mimi nilikwenda kuosha vyombo nikavunja sahani ya bibi yako. Ile niliyosema paka aliiangusha.

Ulikuwa wivu, Nambua. Naliandika neno lenyewe ili nilione kwenye karatasi, kwa sababu sijawahi kulitamka mbele ya mtu, hata mbele ya mchungaji. Wivu wa mume ningeujua. Ningepiga kelele, ningefunga mizigo kwenda kwa mama yangu, wazee wangekaa, ungekwisha. Huu wa kumwonea wivu mtu anayemfundisha mtoto wako kusoma, unampelekea nani? Utasemaje? Ananipendea mtoto?

Masika ya mwaka wako wa darasa la pili ukungu ulikaa huku juu bila kuondoka, ukakohoa. Ulikohoa kweli, hilo sikulitunga. Tukakupeleka zahanati. Mganga akakupima, akaandika kwenye karatasi kwamba upumzike nyumbani wiki sita mpaka mvua zipungue, kisha urudi shule.

Wiki sita, mwanangu. Sio miaka miwili.

Wiki ya nne kifua kilikuwa kimeshakaa sawa, unakimbizana na ndama. Wiki ya sita nikakufunga skafu shingoni, nikamwambia baba yako bado nasikia kitu kinakoroma usiku. Baada ya miezi kadhaa mtendaji wa kijiji alikuja kuuliza kwa nini mtoto haonekani shuleni. Nikamkaribisha chai, nikamwonyesha ile karatasi, kidole gumba changu nimekiweka juu ya neno sita na yote yanayofuata. Akasoma "apumzike nyumbani wiki", akanywa chai, akanipa pole, akaondoka. Kidole hiki hiki kilichoshika kalamu sasa.

Baba yako alikuwa na shaka, lakini aliniona nina furaha na hakujua aanzie wapi.

Maana nilikuwa na furaha. Sitaki kukudanganya upande huo pia, kwamba yote yalikuwa mabaya. Asubuhi zile zilikuwa tamu. Ukikumbuka, tulikuwa tunakwenda ndivani siku za zamu yetu ya maji, kabla ya kufungulia maji shambani. Baba yako alikuwa ametuchongea fimbo yenye alama, tunaitumbukiza ndani ya lile bwawa dogo kuona maji yaliyokusanyika usiku yamefika alama ya ngapi. Nilikuambia, ikijaa yote tunamwagilia shamba zima. Ikifika hapa, robo tatu. Sasa mama Eliza amedokoa maji usiku, imebaki nusu ya hiyo, je, tutamwagilia kiasi gani? Ukakaa pale ukingoni miguu majini, ukafikiri mpaka ukapata. Hakuna aliyekuharakisha. Hakuna aliyekucheka. Hakuna mtoto darasani kwenu aliyekuwa na mwalimu peke yake, wa kungoja mpaka aelewe. Uliporudi shule hesabu za sehemu hazikukusumbua hata siku moja, na mpaka leo ukiambiwa robo tatu najua unaona maji.

Hiyo nilikupa. Nitasimama nayo hata mbele za Mungu.

Lakini elimu yangu haikuwa ndefu. Mwezi wa tatu wa kukufundisha nikafika mwisho wake. Nikawa narudia rudia, na wewe ukaanza kupiga miayo, ukauliza, "Mama, wenzangu sasa hivi wanasoma nini?"

Wiki hiyo hiyo nilikuwa mferejini nakata majani, nikasikia mtu anahema nyuma yangu. Sweta la kijani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Nambua anaendeleaje?"

"Kifua."

"Pole yake jamani. Nimemwandikia yale tuliyosoma mwezi huu, asije akaachwa." Akatoa daftari kwenye mkoba, limefunikwa gazeti vizuri. "Kuna na mazoezi kila mwisho wa somo. Akimaliza unirudishie nisahihishe. Naweza kumsalimia?"

"Amelala."

Hukuwa umelala. Wote wawili tulikuwa tunakusikia unaimba nyuma ya nyumba. Mwalimu akanitazama kidogo, akasema, "Basi msalimie akiamka," akashuka.

Nilifika jikoni na daftari lile nia yangu ikiwa kuliweka motoni. Nikalifungua kwanza, nilione mwandiko wake ulivyo. Nambua, sijawahi kuona kitu kama kile. Kila somo limeandikwa taratibu, kama anaongea na mtu aliye karibu yake. Pale ambapo mtoto angekwama, amechora. Nikakaa chini. Nikasoma mpaka moto ukazimika wenyewe.

Asubuhi yake nikakufundisha somo la kwanza. Nililitoa kichwani, kama langu. Ukafurahi, ukanishika shavu kwa mkono wenye udongo, ukasema, "Mama, kumbe unajua vitu vingi!"

Sikusema ni vya nani.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kila baada ya muda alipanda na daftari jingine, na kila mara ulikuwa umelala, au umekwenda kwa bibi, au una homa. Alijua. Mtu hawezi kupanda mlima huu mara tisa asijue. Hakuwahi kunisema. Na mimi nikayasoma yote, nikakufundisha yote, nikayafunga kwenye kanga ya zamani nikayatia chini ya magunia. Ile shule ya mama iliyokutengeneza, ile Janeth anayotaka kuiga, ilikuwa shule ya Mwalimu Tunu. Mimi nilifuta jina tu.

Ungedhani hapo wivu ungepungua. Uliongezeka. Zamani nilimwonea wivu kwa sababu unampenda. Sasa nilimwonea kwa sababu anastahili kupendwa.

Nikueleze na siku ya msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima. Nadhani hiyo unaikumbuka, lakini unaikumbuka kwa upande wako.

Kijiji kilikuwa kinaongeza darasa. Pembe ikapigwa asubuhi kule juu, kila nyumba itoe mtu wa kubeba mawe kutoka kijitoni, na asiyetokea analipa faini. Kwetu nilikwenda mimi, baba yako yupo na mafundi wa ukuta. Nipo kwenye mstari na jiwe kichwani, mama Eliza akapaza sauti ili kila mtu asikie:

"Mama Nambua! Hili darasa wewe unamjengea nani? Mtoto umemficha jikoni. Au tutaleta mbuzi wako wakae dawati la mbele?"

Watu wakacheka. Mwanamume mmoja akasema, "Mbuzi wake wanajua kusoma, wamefundishwa na yeye!" Wakacheka zaidi. Mwalimu Tunu alikuwa mbele yangu, naye kabeba jiwe kubwa kuliko nguvu zake. Yeye hakucheka. Nilitamani acheke. Ningepata sababu.

Saa nne ukaniletea uji. Nikakuambia uweke chini uende zako. Hukwenda. Baada ya muda nikakutafuta, nikapita nyuma ya kuta zile, zilikuwa zimefika kiunoni, hazina paa. Nikasikia sauti yako.

Ulikuwa umepanga mawe madogo kwa mistari, sita sita, kama madawati. Umesimama mbele, mabega nyuma. Ukasema, "Haya, macho kwangu!" Kisha ukaanza kuita majina, watoto wote wa darasa lako la pili, kwa mpangilio ule ule wa daftari la mahudhurio. Ukiita jina unabadilisha sauti, unaitika mwenyewe, "Nipo mwalimu." Unaita, unaitika. Ukafika kwa jina lako. "Nambua." Kimya. Ukangoja. Ukaita tena, "Nambua." Ukainamisha kichwa, ukaweka alama hewani kwa kidole, ukaendelea na jina linalofuata.

Mama mwingine angelia. Ningependa kukuandikia kwamba nililia. Mimi nilichosikia ni sauti yake kinywani mwako, nikaona mabega yake mgongoni mwako, nikakushika mkono nikakuvuta mpaka nyumbani, na njiani nikakuambia umeniaibisha mbele ya watu. Ukawa unasema, "Mama, nimefanya nini?" Ulikuwa na miaka tisa. Hukuwa umefanya kitu.

Baba yako alikuwa juu ya ukuta anapanga mawe. Aliona yote. Jioni, umeshalala, akaniambia bila kunitazama, "Mama Nambua, yule mtoto ameita darasa zima. Jina lake mwenyewe ameliita mara mbili, na hakuna jiwe lililoitika. Mrudishe shule."

Nikamjibu, "Masika yaishe kwanza."

Yakaisha. Yakaja mengine. Kisha zikaja habari kwamba Mwalimu Tunu amepata uhamisho wa kurudi kwao. Akapanda kwa mara ya mwisho, ana daftari la tisa. Hakuuliza kama umelala. Alisema, "Mama, leo naomba sana nimuage." Nikamwambia umekwenda Same na baba yako. Ulikuwa ndivani, mwanangu, hatua chache tu, na fimbo yako, unapima maji. Akanipa daftari kwa mikono miwili. Akasema, "Nimemwandikia na barua kidogo mwishoni. Mwambie nilikuja."

Sikukuambia.

Alhamisi gari lililombeba likashuka. Jumatatu nikapiga pasi sare yako, nikakutoa skafu, nikakupeleka shule mwenyewe, nimekushika mkono. Watu wakasema, Mungu mkubwa, kifua cha mtoto kimepona. Nikasema amina.

Uliniuliza, "Mama, kwa hiyo mwalimu aliondoka bila kuniaga?"

Nikakujibu, "Walimu wana watoto wengi."

Nimetenda dhambi nyingi, na nyingine ni kubwa kuliko hiyo kwa macho ya watu, lakini kama ningepewa kufuta sentensi moja katika maisha yangu, ningefuta hiyo.

Halafu nikayaona matunda. Wakakuweka darasa la tatu na watoto waliokuwa wadogo kwako. Siku ya kwanza mwalimu mpya akakusimamisha usome, ukasoma vizuri sana, ila ukasoma kwa mahadhi ya nyimbo za kanisani, unapandisha hapa, unavuta pale, kwa sababu ndivyo ulivyojifunza na hakukuwa na mtoto mwingine wa kukuonyesha kwamba watu hawasomi hivyo. Darasa zima likaitika "Amina!" Wakakuita Mchungaji mpaka la saba. Hukunyosha tena mkono. Ulikuwa unajua majibu, ila unangoja mwalimu aje akae karibu yako akuulize polepole, kama mimi. Mapumziko wenzako wanacheza rede, wewe unasimama pembeni umeshika mti. Ukipigwa na mpira unadhani wamekuchukia. Hukujua kugombana asubuhi na kupatana mchana. Hukujua kukosea mbele za watu. Vitu hivyo havikuwa ndivani, wala kwenye madaftari ya mwalimu. Vilikuwa kule uwanjani, na nilikunyima.

Umeviokota baadaye kimoja kimoja, kwa shida. Nimekuona. Kidato cha pili uliposimama kwenye mdahalo, nilikuwa nyuma pale dirishani, nimejifunika kanga. Hukuniona.

Janeth atakupigia simu, maana anakuamini. Atakuuliza awatoe watoto au asiwatoe. Mimi sina jibu la kumpa. Huenda yeye ataweza, ana elimu kuliko mimi, na huenda wanawe watakaa vizuri, watacheza na majirani. Ila akikuuliza, muulize nawe kwanza, kwa upole, anawatoa kwa ajili ya nani. Asikujibu palepale. Mimi ilinichukua miaka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ulipopangiwa chuo Tabora, ni baba yako aliyekwenda kwa mwalimu mkuu kutafuta namba ya Mwalimu Tunu. Mimi nilisema hapatikani mtu baada ya miaka yote hiyo. Alipatikana siku hiyo hiyo. Juzi tulipopanda kule kwenye mwamba tupate mtandao, ukaweka sauti kubwa tusikie wote. Sauti yake haijabadilika. "Nambua wangu! Wewe njoo tu, kitanda kipo, utakaa kwangu mpaka uzoee. Nina mengi ya kukuuliza." Ukacheka mpaka machozi. Mimi nilisimama pale na upepo, nasikia hayo tu: nina mengi ya kukuuliza. Najua la kwanza ni lipi.

Kwa hiyo nakuandikia. Na hata hapa nisijifanye mtakatifu. Nusu ya barua hii ni toba, na nusu nyingine ni ule ule wivu: sitaki yeye awe wa kwanza kukuambia. Hata aibu yangu nataka uipokee kwangu. Kitanda alichokutandika nakionea wivu. Chai atakayokupa asubuhi naionea wivu. Nimeomba wivu huu uniondoke, na unaondoka, ila taratibu, na ukisikia jina lake unageuka nyuma kutazama.

Chini ya nguo zako, chini kabisa, nimekuwekea madaftari yote tisa kwenye ile kanga ya zamani. Barua yake ipo mwisho wa la tisa. Sijaifungua, ameibandika kwa gundi na jina lako juu. Ndicho kitu pekee ambacho sikukiiba.

Ukiyafungua utaona mazoezi yamejibiwa. Kwa penseli. Yote, kuanzia daftari la kwanza mpaka la mwisho. Huo sio mwandiko wako, ni wangu. Nilikuwa nikimaliza kukufundisha, ukitoka kwenda kucheza, nakaa hapa hapa mezani najibu maswali moja moja, halafu narudi kukagua kama nimefunga nne juu. Mwanzoni nilijiambia najitayarisha kwa ajili yako. Lakini kuna siku nilipata hesabu ngumu, nikatazama mlangoni, nikagundua namngoja mtu aje na kalamu nyekundu. Nilikuwa na miaka thelathini na kitu. Nikajua siku ile kwamba yule niliyemwonea wivu zaidi hakuwa yeye. Ulikuwa wewe, kwa kukaa kwenye dawati darasani kwake.

Sikuwahi kuyarudisha. Ningeyarudishaje?

Nawasikia sasa, mnashuka njia ya migombani, baba yako anaeleza kitu na wewe unamcheka. Itabidi niifunge, nishike magoti.

Unikasirikie kadiri utakavyo, una haki. Ila ukifika, ukishapumzika, ukishasoma barua yako, fungua kanga ile mbele ya Mwalimu Tunu. Mpe shikamoo yangu. Ndiyo, shikamoo, mwambie hivyo hivyo, ingawa mimi ndiye mkubwa. Kisha umwombe anisahihishie. Asinionee huruma, aweke mkasi wa kosa panapostahili mkasi. Na mwambie zoezi la mwisho katika daftari la saba nimelijibu, lakini mpaka leo sina uhakika.

Mama yako